Saadani: Kijiji Kati ya Bahari na Nyika

Akina mama wengi tukisikia habari za kwenda kuona wanyama, mawazo yetu hukimbilia Serengeti, Ngorongoro au Mikumi. Papo hapo tunapiga hesabu ya mafuta ya gari na ada za shule, kisha tunaiacha safari hiyo kwa wageni wa Ulaya. Bahari nayo kwetu ni Bagamoyo au Kunduchi, Jumatatu ya Pasaka, pamoja na kwaya na sufuria la pilau. Ni wachache kati yetu wanaojua kwamba hapa hapa Tanzania kuna mahali ambapo nyayo za tembo hukutwa juu ya mchanga wa pwani, na ambapo mama anayetoka alfajiri kwenda kununua kamba anaweza kukuta kinyesi cha nyati nyuma ya jiko lake. Mahali hapo ni Saadani.

Saadani ni jina la kijiji cha wavuvi, na pia ni jina la Hifadhi ya Taifa inayokizunguka. Kijiji ni cha zamani. Hifadhi ni ya juzi. Ilikuwa kwanza pori la akiba, lililotengwa katika miaka ya 1960, na mwaka 2005 ikatangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa. Sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,100, sehemu yake ikiwa mkoa wa Pwani na sehemu mkoa wa Tanga. Kati ya Hifadhi zote za Taifa za nchi yetu, hii ndiyo inayopakana na Bahari ya Hindi. Hakuna ua wala seng'enge kati ya nyumba za watu na makazi ya wanyama.

Tulikuwa akina mama sita wa kikundi kimoja cha maombi, na tuliamua kwenda kuona wenyewe. Wengine walituuliza kama tumekosa kazi. Waume wetu walikubali, mmoja baada ya kubembelezwa sana, na tukakodi gari la kupanda milima, kwa sababu tulikwisha kuonywa kuhusu barabara.

Njia na mbung'o

Tulipita Chalinze, tukashika barabara ya Segera, na pale Mandera tukaiacha lami na kugeukia upande wa mashariki. Kuanzia hapo ni mwendo wa kama kilomita 60 za vumbi. Unapita Miono, unapita Mkange, mashamba ya mananasi na mihogo yanaanza kupungua, kisha pori linakuwa pori kweli. Mikoche imesimama huku na huku katikati ya nyasi ndefu, ikiwa na shina jembamba na kichwa cha majani makavu, mfano wa mzee aliyeamka kabla ya kuchana nywele. Udongo mweusi wa bonde lile ni mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, lakini masika, kati ya Machi na Mei, hugeuka kuwa tope linalomeza magurudumu. Kwa hiyo asiyependa kulala ndani ya gari aende kati ya Juni na Februari.

Wenyeji wa kwanza kutukaribisha walikuwa mbung'o. Waliingia kwa dirisha, wakauma kupitia nguo, na mwenzetu aliyevaa gauni la buluu, zuri la kushonwa, aliumwa kuliko wote. Haikuwa bahati mbaya. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego ya kuwakamata hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni rangi ya mchanga au kijani kilichofifia, mikono mirefu, na khanga nzito ya kujifunika miguuni.

Lakini mdudu huyu si wa kulaaniwa tu. Tukitafakari historia ya Saadani tunamkuta kila mahali, na pengine bila yeye lisingebaki pori la kwenda kutazama.

Wamisionari na ng'ombe wao

Katika karne ya 19 Saadani ilikuwa bandari yenye jina. Misafara ya pembe za ndovu, na kwa aibu yetu misafara ya watumwa pia, ilishuka kutoka bara na kuvushwa kwenda Unguja. Ndiyo maana watumishi wa kwanza wa Injili waliotaka kwenda bara walipita hapa. Mwaka 1876 Alexander Mackay na wenzake wa Church Missionary Society, waliokuwa safarini kwenda Uganda, walijaribu kupanda Mto Wami kwa mashua ndogo ya mvuke iliyoitwa Daisy. Walitumaini kwamba mto ungewafikisha mbali bila wapagazi. Wami unapinda na kujipinda kama nyoka, na hawakufika mbali.

Mwaka huo huo alikuja mwingine, Roger Price wa London Missionary Society. Historia ya mtu huyu ilitugusa kama akina mama. Mwaka 1860, akiwa kijana, alikwenda na familia mbili za wamisionari mpaka Linyanti, kusini mwa Afrika. Huko homa iliwashika. Alimzika mtoto wake mchanga wa kike, na wakiwa njiani kurudi akamzika mkewe Isabella. Mwenzake Helmore alikufa huko, mkewe pia, pamoja na watoto wao wawili kati ya wanne waliokuwa nao. Price aliwachukua mayatima wale wawili waliobaki akasafiri nao kurudi kusini. Baadaye alimwoa Bessie, binti wa Robert Moffat, na hivyo akawa shemeji yake David Livingstone, maana dada yake Bessie ndiye aliyekuwa mke wa Livingstone.

Mtu aliyepitia hayo ndiye aliyefika Saadani mwaka 1876 na ng'ombe wachache, akitaka kujua kama magari ya kukokotwa na ng'ombe, ambayo yalifaa sana Afrika Kusini, yangeweza kufika Mpwapwa. Safari ya kwanza ilikwenda vizuri, naye akapeleka habari njema Uingereza. Mwaka 1877 kundi zima liliondoka Saadani na magari yao. Mbung'o wakawauma ng'ombe, na ng'ombe wakafa mmoja baada ya mwingine njiani. Waliobaki wa kundi lile walifika Ujiji mwaka 1878 kwa miguu na kwa migongo ya wapagazi. Mwaka 1879 Joseph Mullens, katibu wa mambo ya nje wa chama chao, mtu mzima aliyeacha ofisi yake London, aliamua kuja mwenyewe. Alitokea Saadani naye, na mwezi wa Julai akafariki kabla ya kufika Mpwapwa, ambako alizikwa.

Miaka mingi baadaye watu wakajaribu ng'ombe tena. Katika miaka ya 1950 ilianzishwa ranchi kubwa ya Mkwaja, upande wa kaskazini, yenye maelfu ya ng'ombe. Walifyeka vichaka, walipulizia dawa, waliwachoma ng'ombe sindano. Mwaka 2000 ranchi ilifungwa, na ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o ulikuwa mmoja wa mizigo iliyoilemea. Ardhi ya ranchi hiyo sasa ni sehemu ya hifadhi, na pale walipolishwa ng'ombe tuliona kongoni, twiga na ngiri.

Saadani yenyewe, kama bandari, ilianguka. Mwaka 1888 watu wa pwani waliposimama kuwapinga Wajerumani, Abushiri alikuwa upande wa Pangani na Bagamoyo, na hapa Saadani kiongozi alikuwa Bwana Heri. Mwaka 1889 Wajerumani waliupiga mji kwa mizinga na kuuteka. Bwana Heri aliendelea kupigana porini hadi mwaka 1890 alipokubali amani. Biashara ikahamia kwenye bandari nyingine, na reli zilipojengwa kutoka Dar es Salaam na Tanga, misafara haikuwa na sababu ya kupita hapa tena. Mgeni leo ataonyeshwa magofu ya kuta na makaburi ya zamani. Tulishangaa jinsi mji mzima unavyoweza kurudi kuwa kijiji, na jinsi kijiji kinavyoweza kuwa na amani zaidi kuliko mji ule.

Asubuhi ya kamba

Tulibisha hodi kijijini jioni. Tulitanguliza shikamoo kwa bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili barazani, akatujibu marahaba wanangu, karibuni, na kabla hatujaeleza tumetoka wapi tulikwisha kuketishwa mkekani. Wengi hapa ni Waislamu, na hatukuona sababu ya kujificha kwamba sisi ni Wakristo. Bibi yule aliuliza tu kama tunakula samaki wa nazi.

Alfajiri tulifuatana na wanawake kwenda ufuoni. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, maana pwani ya hapa ni tambarare, na mashua zililala ubavu kwenye tope zikingoja. Wanawake walikuwa wamekaa na ndoo na beseni zao, wamejifunika khanga kichwani kwa sababu ya upepo wa kusi. Wavuvi walipofika hapakuwa na kelele kama za soko la samaki la Dar es Salaam. Kila mama alikwisha kujua anachukua kwa nani. Wengine kwa waume zao, wengine kwa mkopo, watalipa wakishauza.

Saadani ni nchi ya kamba. Wanapatikana kwa wingi hapa kuliko sehemu nyingi za pwani yetu, na sababu yake inafaa kila mama aijue. Kamba wakubwa hutaga mayai baharini, lakini watoto wao huingia kwenye midomo ya mito na kukulia kati ya mizizi ya mikoko, mahali ambapo maji ya chumvi na maji baridi huchanganyika, chakula ni kingi, na samaki wakubwa hawawezi kuingia kwa urahisi. Wakishakua kidogo hurudi baharini. Mto Wami huleta maji hayo baridi pamoja na rutuba yote inayokokotwa kutoka bara. Kwa hiyo anayekata mikoko anabomoa chumba cha kulelea watoto wa kamba, na wa kwanza kuona beseni tupu ni mama wa Saadani. Kwa miaka mingi pia meli kubwa za kuvua kamba zilivuta nyavu zao mbele ya pwani hii, zikikusanya kila kilichokuwa chini, hadi kamba walipopungua mno na Serikali ikausimamisha uvuvi huo mwishoni mwa miaka ya 2000. Wazee hawajausahau mwanga wa meli zile usiku.

Kamba wabichi huharibika upesi, na barafu ni ghali. Asiyeuza asubuhi hiyo hiyo kwa wachuuzi wa Dar es Salaam lazima awakaushe au awakaange. Hapo ndipo linapoingia jambo la kuni, ambalo lilitufanya tukae kimya kwa muda.

Kuni

Mgeni anapolitazama pori la Saadani anaona uzuri. Nasi tuliuona, hatukatai. Jioni tuliwaona nyati wakivuka njia taratibu, na palahala dume mwenye pembe zilizopinda nyuma kama mundu, mweusi anayeng'aa, ambaye tulikuwa hatujapata kumwona hata kwenye picha. Lakini mama wa kijiji akilitazama pori hilo hilo anaona sehemu ambayo kuni ziko nyingi na ruhusa ni ndogo.

Kuni za kukaangia kamba, za kupikia ugali, za kuchemshia maji ya mtoto, zote zinatoka kwenye ardhi ya kijiji, na ardhi hiyo si kubwa. Mpaka umekuwa jambo la mvutano wa miaka mingi kati ya kijiji na wahifadhi, hasa kuhusu kitongoji cha Uvinje kilicho kaskazini ya kijiji, kando ya bahari. Wanakijiji husema kwamba wazee wao ndio waliokubali pori la akiba lianzishwe, kwa makubaliano ya kuishi pamoja nalo, na kwamba baadaye mistari ya ramani iliwaingilia. Sisi si mahakimu wa jambo hilo. Tunasema tu kwamba mstari unapochorwa ofisini, anayetembea umbali zaidi kesho yake ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Tena huendi kutafuta kuni hapa kama kwetu tulikozaliwa. Wanawake huondoka wengi kwa pamoja, jua likiwa limepanda, na huongea kwa sauti njiani ili mnyama asishtuliwe. Mama mmoja kijana alitueleza kwamba anachohofia zaidi si simba, maana simba husikika usiku na mchana hujificha. Anahofia nyati dume aliyetengwa na kundi, aliyelala kwenye kichaka kimya. Tembo nao huingia mashambani wakati wa mahindi na mihogo, na familia hulala kwenye vibanda shambani wakipiga madebe. Baba akiwa baharini, anayepiga debe ni mama.

Je, anayepoteza shamba analipwa? Wengi wetu tulidhani analipwa fidia. Sheria ya nchi haisemi fidia. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina hayo yanaeleza yenyewe: ni ya kufuta, siyo ya kurudisha. Tena kanuni hizo zilipanga kiasi cha kifuta jasho kufuatana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, aliye karibu akipata kidogo kuliko aliye mbali. Kwa kijiji kilicho ndani ya mikono ya hifadhi, mtu hana pa kusogea.

Hatusemi haya ili mtu asiende Saadani. Tunayasema kwa sababu mgeni anaweza kulala siku mbili katika hoteli ya mahema, akala kamba waliopikwa na mpishi wa kutoka mjini, akarudi bila hata senti yake moja kufika kwenye beseni la mama aliyewasafisha. Nunueni kijijini. Wako wanawake wanaouza kamba na mikeka ya ukili, na wako mama ntilie wa kawaida wanaopika samaki wa nazi na wali kwa bei ambayo hata mwalimu wa shule ataimudu. Kikundi kinachotaka kufanya zaidi, badala ya kupeleka nguo za mitumba, kiulize habari za majiko. Jiko la udongo lililojengwa vizuri, lenye mlango mdogo na matundu mawili ya sufuria, hupunguza kuni, na udongo wa kulijengea hauhitaji kununuliwa. Tuliona nyumba zenye majiko ya aina hiyo na nyumba zenye mafiga matatu, na rundo la kuni la uani lilionyesha tofauti. Uani kwa mafiga matatu moshi ulikuwa mwingi, na watoto walikuwa wakifikicha macho.

Kasa na mto

Upande wa Madete, kaskazini, kuna ufuo ambako kasa hupanda kutaga. Kasa jike hukaa baharini miaka mingi mpaka anapokomaa, kisha hurudi kwenye pwani ya eneo alikozaliwa yeye. Huja usiku, akijivuta kwa shida juu ya mchanga, hufukua shimo kwa mapezi yake ya nyuma, hutaga mayai yapatayo mia moja, huyafukia na kurudi majini. Hatawaona watoto wake kamwe. Baada ya muda wa kama miezi miwili mayai huanguliwa, na vitoto hutoka mchangani usiku vikikimbilia upande wenye mwanga, ambao kwa kawaida ni upeo wa bahari. Ukiwasha tochi kali au taa ya hoteli nyuma yao, huigeukia taa hiyo na kufa asubuhi kwa jua. Tena joto la mchanga ndilo linaloamua kama watakuwa madume au majike. Mchanga wenye joto zaidi hutoa majike. Mwenzetu mmoja mwenye mabinti watano alisema sasa amejua.

Zamani mayai haya yaliliwa na nyama ya kasa iliuzwa. Kasa analindwa na sheria, na wako vijana wa vijijini waliofundishwa kulinda viota na kuhesabu vitoto vinavyotoka. Bado wengine hunaswa kwenye majarife, na wengine hula mifuko ya plastiki wakidhani ni yavuyavu wanaowapenda. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini iliyokwisha kutupwa ingali inaelea. Tuliokota mingi.

Mto Wami tuliupanda kwa boti, tukiwa na askari wa hifadhi. Mdomoni mwa mto kuna mikoko mirefu pande zote mbili, giza na harufu ya tope. Kadiri unavyopanda, mikoko inapungua na minazi na mitende pori inatokea. Viboko walikuwa wamejaa kwenye pinda moja, na boti ilipita mbali nao kwa heshima. Mamba tulimwona amelala na kinywa wazi ukingoni, na upande wa pili wa mto huo huo, mwendo mfupi tu, tuliwaona watu wa upande wa Matipwili wakichota maji. Hapo tulinyamaza sote. Mackay aliyapita maji haya haya, tukasema baadaye, na Mungu alimhifadhi.

Karibu na kijiji kuna mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwenye vyumba vipana visivyo na kina, jua hufanya kazi yake, na chumvi hubaki nyeupe chini. Katika maji hayo husimama heroe, ndege wale warefu wa rangi ya waridi, wakichuja vijidudu vidogo kwa midomo yao iliyopinda. Kwa watoto wetu hapo ndipo pangekuwa pazuri kuliko pote, maana hutembei mbali na ndege hawana haraka.

Tembo wa kuoga baharini, ambaye kila tangazo la Saadani humtaja, hatukumwona. Tuliona nyayo zake mchangani asubuhi moja, pana kama sinia, zikielekea majini na kurudi. Bibi mwenyeji wetu alicheka alipotusikia tukilalamika. Alitueleza kwamba yeye ameishi hapo tangu azaliwe na hana hamu ya kumwona.

Kwa wanaotaka kwenda

Kutoka Dar es Salaam mnaweza kupita Chalinze na Mandera kama sisi, au mtafute habari za njia ya Bagamoyo kabla ya kuondoka, kwa kuwa hali yake hubadilika na mvua na ujenzi. Kutoka Tanga njia ni Pangani na Mkwaja, mkiingilia lango la Madete. Viingilio vya raia wa Tanzania ni nafuu sana kuliko vya wageni, ila chukueni vitambulisho vya taifa, na ulizeni viwango na namna ya kulipa kwanza, maana malipo si ya fedha taslimu mkononi. Hifadhi ina nyumba za kulala wageni, na vikundi vinaweza kuomba nafasi ya kupiga kambi. Kutembea porini bila askari ni marufuku, na usiku msitoke nje ya nyumba hata kwa haja ndogo bila tochi na mtu wa pili.

Chukueni dawa za malaria na vyandarua. Kijijini vaeni khanga mbili, na nguo za kuogelea ziachwe ufuoni. Mwezi wa Ramadhani msile hadharani mchana. Msiwapige watu picha bila kuwaomba, na watoto msiwagawie peremende barabarani. Wanaanza kukimbilia magari.

Na kamba: mkinunua wabichi bila barafu, fanyeni kama wenyeji wetu walivyotufundisha. Waosheni kwa maji ya bahari, wachemsheni kidogo tu kwenye maji ya chumvi mpaka wabadilike rangi, waepueni, muwatandaze mkekani juani kutwa nzima huku mkiwageuza. Wakikauka vizuri husikika wakigongana kama kokoto. Hapo mnaweza kuwafunga kwenye kikapu na kusafiri nao hata siku mbili. Nyumbani walowekeni usiku mmoja, kisha wapikeni kwa nazi, nyanya chungu na ndimu. Tulinunua kilo nne tukadhani tumezidisha, na kabla ya Jumapili zilikwisha.